Paa la kuficha na jua la Oktoba katika nyumba za Tabora

Katika mitaa mipya inayouzunguka mji wa Tabora, nyumba nyingi zinazopauliwa siku hizi zina paa la kuficha, yaani kuta hupandishwa kozi (safu za matofali) kadhaa juu ya bati ili lisionekane kutoka barabarani. Wapo wanaoliona paa hilo kuwa ushahidi kwamba mwenye nyumba ameijali ramani yake, na wapo mafundi wanaolilaumu kwa kuvuja. Nyuma ya mabishano hayo kuna swali zito zaidi: ni mambo gani ya ramani yanayostahili kugharamiwa mapema na mtu anayejenga kidogo kidogo, kwa mshahara au kwa malipo ya tumbaku?

Hoja za wanaolipenda zina uzito. Paa la mwinuko mdogo hula mbao chache za kenchi, yaani fremu inayobeba bati, kuliko paa refu, bati la kawaida hutosha kwa kuwa halionekani, na katika kiwanja chembamba hakuna upenu unaomwagia jirani maji. Aidha, mtu aliyeishi nyumba za kupanga kwa miaka mingi ana haki ya kusimama nje ya nyumba yake na kuifurahia, nami sikubaliani na wanaouita uzuri huo anasa.

Lakini maji hayajali sura. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 120, huangusha lita 6,000, sawa na matangi sita ya lita 1,000. Paa lenye upenu huyatupa maji hayo nje, hata kama limepauliwa kwa uzembe kidogo. Paa la kuficha huyapitisha yote katika gata, yaani mfereji wa kukusanya maji ya paa, iliyo nyuma ya ukuta. Tabora ni mji wa miembe, na majani yake yakiziba mdomo wa bomba, maji hupanda hadi yapate njia, na njia hiyo mara nyingi ni dari ya jipsamu. Kwa hiyo upana wa gata, mteremko wake, namna bati linavyozibwa linapokutana na ukuta, na tundu la akiba la kutolea maji nje ndivyo vinavyoamua kama paa litadumu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana katika picha ya simu ambayo mteja humpelekea fundi akisema, "Nataka kama hii."

Jua nalo lina hesabu yake. Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, hivyo mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na kuta zinazoumia zaidi ni za mashariki na magharibi. Upenu mpana hukinga ukuta jua likiwa limepanda. Jua la jioni huhitaji nyumba ielekezwe vizuri, ubavu mfupi ukitazama magharibi na madirisha yakitazamana kaskazini na kusini ili hewa ipenye. Wajenzi wa tembe (nyumba ya jadi) la Kwihara, karibu na mji huo, alikokaa mvumbuzi David Livingstone mwaka 1872, walilikabili joto hilo kwa kuta nene za udongo na kibaraza chenye kivuli.

Ni kweli kwamba kiwanja kilichopimwa hakigeuzwi, na kwamba kumlipa mchoraji ni mzigo kwa familia inayotaka kuhama upesi. Hata hivyo, kuhamisha dirisha kwenye karatasi ni kazi ya kifutio, ilhali kulihamisha baada ya lenta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, kumwagwa ni kubomoa. Marumaru, rangi na jipsamu vinaweza kungoja miaka mitatu bila nyumba kudhurika. Kwa aliyekwisha kuchagua paa la kuficha, ningemshauri amwombe fundi, kabla ya kozi za mwisho kupandishwa, amwoneshe kwa kidole mahali maji yatakapotokea siku gata itakapoziba. Fundi asipoweza kuonesha, ni heri arudi kwenye upenu.