Mtaalamu wa Viungo Aliyezaliwa Dodoma

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Pune, India, nilipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja wa Kimarathi ambaye wapangaji wote tulimwita Anti. Siku ya kwanza, aliposikia kwamba ninatoka Tanzania, alisema, "Aha, Zanzibar! Kwenu viungo vinaota uani." Nami, mzaliwa wa Dodoma ninayejua zabibu na karanga, nilitabasamu tu, na tabasamu lile likahesabiwa kuwa ndiyo.

Basi ilipofika Gudhi Padwa, yaani mwaka mpya wa Kimarathi, Anti aliniita jikoni. "Beta," yaani mwanangu, "leo jaiphal ya shrikhand utaitia wewe, kwa mkono wa Kizanzibari." Shrikhand ni mtindi unaoning'inizwa kitambaani usiku kucha hadi maji yake yachuruzike, kisha ukakorogwa na sukari, hiliki, zafarani na kungumanga kidogo, ambayo ndiyo hiyo jaiphal. Shemeji yake anayeishi Kerala alikuwa amemletea kungumanga kavu ambazo bado zilikuwa zimevaa wavu wao mwekundu. Anti akaenda kuvaa sari, nami nikabaki na bakuli, kikwaruzio na uongo wangu.

Nilianza kwa usafi. Wavu ule niliuona kuwa maganda, nikaubandua wote na kuutupa kwenye ndoo ya taka. Halafu nikakwaruza kwa takriban dakika kumi, nikishangaa kwamba unga unaotoka hauna harufu, kumbe nilikuwa ninakwaruza kifuu. Nilipokipasua kwa mchi ndipo nilipokutana na kokwa yenyewe, ya kahawia, ambayo ukiikata ina michirizi kama ramani ya mito. Kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha kupotea, nilikwaruza kokwa mbili nzima nikakoroga zote.

Mezani kila mtu alionja mara moja, kisha akaweka kijiko chini kwa adabu. Ilikuwa chungu, na ilinukia kama kabati la zamani. "Kwetu ndivyo tunavyoila," nilisema, na ili kulinda heshima ya visiwa ambavyo nilikuwa nimevifikia mara moja tu kwa boti, nikamaliza mabakuli matatu.

Kungumanga haina haraka. Saa kadhaa zilipita nikijipongeza, kisha mdomo ukanikauka kama gunia, moyo ukaanza kupiga kama ngoma za Wagogo, na chumba kikazunguka taratibu hadi nikalala. Niliamka kesho yake saa tisa alasiri.

Anti alikuwa ameketi kando ya kitanda akiwa na kijiwe cha kusugulia. "Mjukuu wangu akikataa kulala, mama yake huisugua jaiphal hapa kwa maziwa, mizunguko miwili tu," alisema. "Wewe umekula usingizi wa mtaa mzima." Kisha akanionyesha sahani yenye ule wavu, aliouokota kwenye taka na kuuosha. Kumbe ndiyo javitri, basibasi ya kutia kwenye biriani, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya kokwa niliyoitukuza.

Sikuwa na la kusema. Anti akafungua bahasha, akatoa nakala ya pasipoti niliyompa wakati wa kupanga chumba, akaweka kidole palipoandikwa mahali pa kuzaliwa.

"Beta," akaniuliza kwa upole, "hii Dodoma ni kisiwa kipi cha Zanzibar?"