Eti weusi wa Marekani hawana familia

Kwenye sherehe zetu Watanzania wa huku Baltimore, pilau likishaliwa, hakosekani wa kusema: "Hawa weusi wa Marekani hawana familia, baba zao wote wako jela." Zamani nilikuwa nacheka nao. Siku hizi naenda kuosha vyombo.

Jirani yangu ni bibi wa miaka 63, analea wajukuu wawili. Kijana wake amefungwa Cumberland, milimani magharibi mwa Maryland, zaidi ya saa mbili kwa gari, na bibi hana gari. Nimewapeleka mara mbili. Mara ya kwanza alinipigia alfajiri kunikumbusha nisivae sidiria yenye chuma, mashine ya mlangoni italia nirudishwe. Simu ya gerezani ikipigwa, sauti ya mashine huingilia katikati kukumbusha kuwa unaongea na mfungwa. Mjukuu mdogo ameizoea: ananyamaza, inapita, anaendelea kumsimulia baba yake jino lililong'oka.

Huyo ndiye hana familia?

Katika jimbo hili weusi ni kama 3 kati ya kila watu 10; gerezani ni 7. Haikutokea tu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 iliadhibu gramu 5 za kraki, ile kokeini ya vipande ya kuvuta, sawa na gramu 500 za kokeini ya unga, miaka 5 kwenda juu, na waliofungwa kwa kraki wengi mno walikuwa weusi. Ikaja ya 1997: mtoto akikaa kwenye malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22, kwa kawaida jimbo linatakiwa kuiombea mahakama imvue mzazi haki zake. Akiwa kwa ndugu, jimbo linaweza kuacha. Bibi aliwachukua wajukuu wiki ileile kijana wake alipofungwa.

Kwetu miezi haihesabiwi. Binamu yangu alipokaa mahabusu miaka 2, kila siku "upelelezi haujakamilika", wanawe walihamia kwa shangazi Morogoro na begi moja, bila karatasi yoyote. Ila tusijisifu: mkewe alipanda daladala kwenda mahakamani mara ngapi sijui, kesi inaahirishwa, anachoambulia ni kumwona akishuka kwenye karandinga.

Alipotoka alirudi kuuza mbao palepale, na wanaume wa mtaa wake walikuwepo wote kumpokea. Mtaani kwa bibi, wanaume waliobaki ni wachache. Mwanangu ana miaka 14, kazaliwa huku. Polisi wakimsimamisha usiku, hawataanza kwa kumuuliza kama mama yake katoka Tanzania.