Git au Subversion kwa ofisi ya michoro Lamu

Ofisi inayopima na kuchora nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, haichukui muda kujikuta na faili tatu za mlango mmoja, na hakuna ajuaye ipi ndiyo ya mwisho. Ushauri unaotolewa haraka ni: wekeni Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, kila mtu anaitumia. Kwa michoro, ushauri huo una kasoro.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inafaa sana pale mtandao unapokatika. Kila kompyuta hubeba historia nzima, hivyo aliye Shela au Mokowe anahifadhi matoleo bila intaneti na kuyatuma jioni. Kwa msimbo wa tovuti na maandishi sioni haja ya kutafuta kingine. Gitea, programu ya kuendesha Git kwenye seva yenu wenyewe, kwa timu ndogo hutosheka na RAM ya GB 1. Ila nakala ya kwanza ya ghala, yaani faili zote na historia yake, ikikatika njiani huanza upya. Ghala likiwa kubwa, lifungashwe kuwa faili moja kwa amri ya git bundle na lipelekwe kwa flashi.

Mchoro wa DWG, aina ya faili ya AutoCAD, si maandishi. Wawili wakiuhariri kwa wakati mmoja, Git haina njia ya kuunganisha kazi zao. Mmoja atachora upya vipimo vyake vyote vya boriti na madaka. Hapa Subversion, programu nyingine ya kutunza matoleo ambayo wengi wameisahau, inashinda. Faili yenye sifa ya svn:needs-lock haihaririki mpaka mtu achukue kufuli, yaani haki ya kuihariri peke yake, na kwa TortoiseSVN, programu ya kutumia Subversion kwenye Windows, hilo ni suala la kubofya kulia tu. Sifa hiyo iandikwe kwenye svn:auto-props ya folda kuu, orodha ya sifa ambazo faili mpya hupewa zenyewe, iliyopo kuanzia toleo la 1.8 la Subversion, la sivyo michoro mipya itaingia bila kufuli. Tena mchoraji anaweza kuchukua folda ya nyumba moja pekee.

Gharama yake ni kwamba bila seva huhifadhi toleo wala hupati kufuli. Na mtu akisafiri na kufuli, msimamizi ampigie simu kwanza, ndipo aivunje kwa svn unlock --force.

Git LFS, nyongeza ya Git kwa faili kubwa, nayo ina kufuli, lakini lazima isanidiwe kwenye kila kompyuta, na anayesahau huingiza faili nzito moja kwa moja kwenye historia.

Kwa hiyo ningeweka mashine moja ndani ya ofisi, yenye SSD na UPS: Gitea kwa msimbo, Subversion kwa michoro. Intaneti ikizimika, mtandao wa ndani bado unafanya kazi. Nakala ya usiku ya michoro ichukuliwe kwa svnadmin hotcopy, amri inayonakili ghala kwa usalama hata likiwa linatumika. Kunakili folda wakati watu wanaandika huweza kutoa ghala lisilofunguka.