Watano kati ya Wanane Wamesema, Basi

Nimechoshwa na kauli ya "Kihispania tayari". Juzi nimeisikia tena kwenye semina ya mtandaoni kuhusu upimaji wa usonji, mtoa mada akipitisha orodha ya vipimo vya utambuzi wa kijamii, yaani vya kusoma hisia na nia za watu, vilivyokwisha kutafsiriwa, kama karani anayehesabu magunia ghalani. Tayari kwa nani? Mtu wa Madrid, wa Lima, au kijana aliyezaliwa Texas kwa wazazi wa Honduras? Slaidi ikaruka, tukaendelea.

Chukua kipimo cha macho cha mtafiti wa usonji Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge, toleo la 2001. Picha 36 zilizokatwa magazetini, kila moja macho matupu, nawe unachagua neno moja kati ya manne: huyu anahisi nini? Jibu sahihi lilipatikanaje? Mwenye macho hakuulizwa. Watafiti walipendekeza maneno, wakawapa majaji wanane, na wakikubaliana angalau watano, hilo ndilo jibu. Basi.

Huko kwao, sawa, pa kuanzia panatakiwa. Lakini kipimo kikihamia Kihispania, maneno ndiyo yanayobadilishwa. Uamuzi wa wale watano unavuka bahari bila kuulizwa chochote mpakani. Wapo watafiti waliokusanya viwango vya nchi zao, yaani alama za kawaida za watu wa huko, na nawapongeza, ila kiwango kipya juu ya majibu yale yale ni nusu ya kazi. Mtu wa Cochabamba, Bolivia, akijibu tofauti, ameshindwa kusoma watu, au ameshindwa kusoma Waingereza? Karatasi haisemi. Na asiye na usonji akikosea, amekosea tu. Mwenye usonji akikosea, kosa lake linageuka ushahidi dhidi yake.

Kuna kipimo kingine, cha visa vya watu kuropoka. Jeanette alimpa Anne bakuli la kioo siku ya harusi. Mwaka mmoja baadaye yuko kwa Anne, anaangusha chupa, bakuli linavunjika. "Usijali," anasema Anne, "sikuwahi kulipenda, nilipewa tu na mtu kwenye harusi yangu." Unatakiwa ugundue kwamba Anne amesahau aliyelileta. Ukisema Anne alikuwa anamtuliza rafiki, umekosa. Mimi naona ni jibu la mtu mwungwana! Tena harusi nyingi za Hispania siku hizi wageni wanatoa pesa, wengine wanatuma moja kwa moja benki; hilo bakuli lenyewe ni ugeni. Nenda Buenos Aires, rafiki anamwita mwenzake mnene mbele ya watu na hapo ndipo penye mapenzi. Sisi tunaoitana kibonge na kipara tunaelewa. Msahihishaji ataelewa?

Halafu kuna kipimo cha filamu kiitwacho MASC, unatazama na kuulizwa wahusika wanawaza au wanahisi nini: filamu ya dakika kama 15, watu wanne na chakula cha jioni, iliyopigwa kwa Kijerumani kisha ikatiwa sauti za Kihispania. Wapo wengi wenye usonji wanaotazama mdomo kuliko macho. Mdomo unasema Kijerumani, sikio linasikia Kihispania. Kila la heri.

Nitakubaliwa nikisema sura ya hofu inafanana kwingi? Haya, nimekubali. Nakubali pia kwamba kuandika visa vipya na kupiga filamu Lima au Guadalajara ni gharama, na kwamba watafiti wanataka alama za nchi moja zilinganishwe na za nyingine. Sawa. Lakini mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alishasema mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Kwa nini basi wenye usonji wa Bogotá wanaitwa siku ya kupimwa tu, na si siku ya kutunga visa na kuamua jibu?

Wakishindwa kabisa kuwaita, waandike ukweli kwenye ripoti anayopewa mzazi: "Mwanao hakukubaliana na majaji watano wa Kiingereza." Mzazi ataamua mwenyewe kama hiyo ni sababu ya kulia.