Kurudisha amana

Tukihubiriwa juu ya utii wa kanisa la kwanza, hatukawii kufika uwanjani kwa simba. Nawaheshimu mashahidi wale waliofia imani kwa moyo wote. Lakini inayonikosesha usingizi ni barua ya mtu aliyewaua Wakristo.

Mwaka 112 hivi, Plinius, gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo (ndiko ulikopelekwa pia Waraka wa Kwanza wa Petro), alimwandikia Kaisari Traianus kuomba mwongozo. Watu walikuwa wakishtakiwa mbele yake kwamba ni Wakristo. Aliwauliza mara tatu huku akiwatishia. Walioshikilia jibu lao aliamuru wauawe. Waliokana ilibidi waiombe miungu, watoe ubani na divai mbele ya sanamu ya Kaisari, na wamlaani Kristo. Mwenyewe anakiri alivyosikia: Mkristo wa kweli halazimishiki kufanya hata moja la hayo.

Kisha akataka kujua watu hawa hufanya nini hasa. Akaambiwa hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kwa kupokezana kama Mungu, halafu hula kiapo: kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutoikana amana mwenyewe anapokuja kuidai.

Hilo la mwisho ndilo linalonishika. Zamani zile mtu akisafiri aliweza kumwachia jirani fedha zake, na kama hapakuwa na shahidi, kilichobaki ni neno la yule aliyepewa. Wakristo wa Bithinia wakaitia amana ndani ya ibada, alfajiri, sambamba na wizi na uzinzi. Kumfuata Yesu kulishuka mpaka kwenye kibindo.

Ili kupata ukweli, Plinius aliwatesa wajakazi wawili walioitwa mashemasi. Majina yao hakuyaandika. Hakuambulia kwao uhalifu wowote, ila kile alichokiita ushirikina uliopindukia.

Kanisa la namna hiyo halikuwa na pupa ya kubatiza. Mwongozo wa kale uitwao Mapokeo ya Kitume unataka mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, afundishwe miaka 3, ingawa mwenye bidii hupimwa kwa mwenendo wake kuliko muda. Ubatizo ukikaribia, maisha yake huchunguzwa, na waliomleta ndio wanaomshuhudia: aliwaheshimu wajane? Aliwatembelea wagonjwa? Alitenda mema? Sisi tunamsikiliza Amri Kumi na Sala ya Bwana kwa kichwa, na akizimudu tunapanga pilau na picha. Naomba swali la wajane lirudi kwenye madarasa yetu ya ubatizo na kipaimara, na liulizwe mbele ya majirani, maana wao ndio wanaojua.

Wapo watakaoniambia hiyo ni sheria, nasi tuko chini ya neema. Siikatai neema, pasipo hiyo nisingekuwa hapa. Ila watu wa Bithinia walianza kwa kuimba, ndipo wakaapa.

Nina sababu ya kuling'ang'ania jambo hili. Miaka kadhaa nyuma, katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mama mmoja mjane alimkabidhi mzee wa kanisa ada ya mwanawe, amtunzie mpaka shule zifunguliwe. Alipoifuata, akaambiwa hakuna fedha iliyopokelewa. Tuliojua ukweli tulikuwa wengi, nami nilikuwamo. Mzee yule aliendelea kusimama mbele Jumapili kusoma Neno, nasi tukaendelea kuitikia. Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima. Mama yake hajaingia tena kanisani kwetu.