Navratri na sahani inayoelea mafuta

Mausiku tisa ya Navratri, ya kumwabudu mama Durga, mungu wa kike wa Wahindu, huangukia kati ya Septemba na Oktoba. Kuna na nyingine ya Machi au Aprili. Wahindu wengi wa Gujarat na kaskazini mwa India hufunga, ila kufunga kwao si kukaa njaa kutwa. Huacha ngano, mchele, dengu, kunde, nyama, mayai, pombe, vitunguu maji na vitunguu saumu. Hata chumvi ya kawaida wengi huiweka kando wakatumia ya mawe.

Kinachobaki si haba: viazi, matunda, maziwa, mtindi, karanga. Rajgira, ambazo ni mbegu za jamii ya mchicha, husagwa zikapikwa chapati. Sabudana, punje nyeupe za wanga wa mhogo, hulowekwa kisha hukaangwa na viazi, bizari nyembamba, pilipili mbichi na karanga zilizopondwa. Weka viazi vitamu pembeni, mtu wa Pwani atauliza kama adhana ya magharibi imeshaadhiniwa.

Ugomvi wangu ni na karai. Siku hizi madukani kumejaa vitafunio vya farali, yaani vya mfungo: chipsi, chevdo (mchanganyiko wa vikaango vikavu), maandazi ya kuttu, yaani unga wa mbegu za buckwheat, vyote vimezama kwenye mafuta. Masharti yametimizwa yote, na mfungaji anamaliza siku tisa akiwa mzito kuliko alivyoanza. Mimi ningechukua viazi vitamu vya kuchemsha, papai, mtindi, na moraiyo iliyopikwa laini kama wali.

Moraiyo yenyewe ni nafaka, ndugu wa ulezi, lakini inaruhusiwa. Viazi na mhogo vililetwa India na Wareno kutoka Amerika, baada ya mwaka 1498. Kwa hiyo anayemkaripia jirani kwamba "wazee wetu wa kale hawakula hivyo" aende polepole. Bengal, mashariki mwa India, siku hizohizo za Durga, watu wanakula samaki na mbuzi, na ibada yao iko palepale.

Kuna wanaokaza zaidi. Septemba 2014 Narendra Modi, waziri mkuu wa India, alikaribishwa chakula cha jioni na Obama, Ikulu ya Marekani, mfungo ukiwa umemkuta safarini. Alikunywa maji ya vuguvugu tu, wenzake wakala. Namheshimu kwa hilo, ila simshauri mwenye kisukari anayetumia dawa amwige kabla ya kuonana na daktari. Huyo hata sabudana aipunguze, maana ni wanga mtupu.

Na unga wa kuttu ununue mpya, au nunua mbegu usage mwenyewe. Hauvumilii kukaa muda mrefu, na Delhi watu wamewahi kukimbizwa hospitali kwa sababu ya unga huo ulioharibika. Ukinusa uvundo, mwaga, hata kama umeulipia ghali.