Dizeli inalindwa kuliko binti anayetafuta kibarua

Nenda kwenye ofisi ya shirika la misaada uombe lita ishirini za dizeli. Kuna fomu. Fomu inataka sahihi ya afisa usafirishaji na ya mtu wa fedha, dereva anaandika kilomita kwenye daftari la gari, na mwisho wa mwezi mhasibu anakaa na risiti zake mpaka hesabu zikubaliane. Mkaguzi akija, dizeli haikosi kuulizwa.

Sasa uliza mfanya usafi wa ofisi hiyohiyo alipataje kazi.

Hapo majibu yanakuwa mafupi. Aliletwa na fulani. Kiongozi wa timu alimchagua. Kulikuwa na haraka. Kila kashfa ya ngono inapoibuka kwenye misaada, mjadala unaishia kwenye tabia: wanaume wabaya, maadili, semina nyingine ya nusu siku yenye chai na sambusa. Mimi naona tumeshika mkia. Hii ni rushwa, rushwa ya ngono, na hakuna nchi iliyomaliza rushwa kwa kuwasihi wala rushwa wawe wema.

Chukua Beni, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia Mangina, ikaenda Beni, Butembo, mpaka Ituri. Ilipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Watu wa kule walikuwa tayari wamechoshwa na miaka ya mauaji ya waasi, mashamba yao hayafikiki. Mara yakaingia magari, hoteli zikajaa, na mshahara ukapatikana: kupika, kufua, kusafisha vituo vya matibabu, kupita nyumba kwa nyumba kuelimisha watu. Operesheni yote wenyeji waliiita Riposte, kwa Kifaransa chao, na kupata kazi Riposte kulimaanisha kula, ada ya watoto, na kodi ya nyumba.

Septemba 2020 vyombo viwili vya habari, The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation, vilichapisha simulizi za wanawake 51 wa Beni waliosema walitakwa kingono na wanaume wa Riposte. Wengi walielezea biashara ileile: lala nami upate kazi, au lala nami usiipoteze. Wanawake 30 walisema wanaume hao walijitambulisha kuwa wa Shirika la Afya Duniani, WHO. Wapo waliofuatwa palepale walipokwenda kusoma majina ya waliochaguliwa yaliyobandikwa ukutani.

WHO ikaunda tume huru chini ya Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mwanaharakati wa Kongo ambaye ametetea wanawake wa mashariki kwa miaka mingi. Ripoti yao ya Septemba 2021 iliwataja watuhumiwa 83, wakiwemo 21 waliokuwa wameajiriwa na WHO. Kulikuwa na madai ya ubakaji, na mimba 29.

Wengi wakisoma habari kama hizi humtafuta mgeni, yule mtaalamu aliyetoka Ulaya au Dakar. Alikuwepo. Lakini tume iliona kwamba wengi wa watuhumiwa walikuwa Wakongo wenye mikataba ya muda, waliotumia mamlaka waliyoonekana kuwa nayo. Kwangu huo ndio ugunduzi mkubwa wa ripoti nzima, na ndio uliozungumzwa kidogo. Mtu hakuhitaji cheo. Alihitaji kuwa karibu na orodha, au watu waamini tu kwamba yuko karibu nayo.

Afrika Magharibi iliyaona haya mapema. Mwaka 2002 uchunguzi wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na shirika la watoto la Save the Children huko Guinea, Liberia na Sierra Leone ulieleza wasichana wakimbizi waliotakwa na watumishi wa misaada ili wapate mafuta ya kula, turubai, biskuti. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka unaokataza kubadilishana fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa ngono. Ajira imetajwa humo kwa jina. Kwa hiyo kanuni ilikuwepo miaka 15 kabla ya Mangina.

Kilichokosekana ni utaratibu wa kumnyang'anya mtu mmoja nguvu ya kuamua. Nafasi ya kibarua itangazwe hadharani pamoja na sifa zinazotakiwa, redioni kwa Kiswahili na Kinande, na itajwe kwamba kazi hailipiwi kwa chochote. Wachague watu watatu, mmoja wao mwanamke wa hapohapo asiyeripoti kwa kiongozi wa timu. Anayesimamia kazi asiwe ndiye anayeongeza mkataba. Mshahara uingie kwenye simu ya mwenyewe, usipitie mkononi mwa bosi. Halafu, na hili ndilo ningelisimamia kuliko yote, kila mwezi mkaguzi achukue majina ishirini kutoka kwenye orodha ya malipo, na mama mmoja asiye wa ofisi hiyo aende kuzungumza nao faragha: kazi hii uliipataje, nani alikutaka nini? Awatafute pia walioomba wakakosa. Hao ndio wenye habari.

Nitaambiwa dharura haingoji. Sawa, lakini Riposte hiyohiyo ilisafirisha chanjo inayotakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, kwenye barabara zile, umeme ukikatika, vikundi vya silaha porini. Walioweza kazi hiyo wangeshindwa kuandika jina la aliyeajiriwa na jina la aliyemwajiri?

Nitaambiwa pia kwamba wengine walikubali wenyewe. Hoja hii inatoka hata kwa watu wazuri, tena wanawake wenzetu. Sheria ya rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, kifungu cha 25, haimuulizi mhitaji alikuwa na sura gani alipokubali. Inamwangalia mwenye mamlaka aliyeweka sharti la ngono mbele ya kazi, cheo au haki. Mashirika ya kimataifa yangefaidika kuiazima fikra hiyo, kwa sababu yao bado imekaa kiofisi mno. Tume ya Beni ilikuta kesi moja ambayo uchunguzi haukufunguliwa, hoja ikiwa kwamba mlalamikaji hakuwa mnufaika wa misaada. Mwanamke yuko katikati ya mlipuko, mwanamume yuko pale kwa sababu ya mlipuko, na ofisi inajadili kama jina lake linaingia kwenye safu ya wanufaika!

Mabango ya "toa taarifa" sitayazungumzia sana. Wanawake wengi wa Beni walisema hawakujua walalamike wapi, au waliogopa kupoteza kazi. Namba ya bure inayopokewa na mtu anayekula meza moja na mtuhumiwa haitapigiwa, hata ibandikwe kila mti.

Baada ya madhara hali ni chungu zaidi. Shirika la habari la AP liliripoti Novemba 2023 kwamba WHO iliwalipa wanawake wasiopungua 104 dola 250 kila mmoja, tena baada ya kuhudhuria mafunzo ya kuanzisha miradi midogo. Mwenye mtoto wa miaka minne asiye na baba anafundishwa ujasiriamali.

Na watuhumiwa? Baada ya kashfa ya ngono ya shirika la misaada la Oxfam huko Haiti, ambako mwaka 2011 mkuu wa ofisi aliruhusiwa kujiuzulu kimya kimya kisha akaajiriwa na shirika jingine Bangladesh, mashirika yalianzisha mwaka 2019 mpango wa kuulizana kuhusu rekodi za waombaji kazi. Ni hatua nzuri. Inamnasa mkurugenzi. Kiongozi wa timu wa miezi mitatu, asiye na faili popote, anahamia mradi wa jirani na orodha mpya mkononi.

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi imefungwa au kupunguzwa, na mwezi huohuo Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kazi chache, waombaji wengi, na thamani ya jina kwenye karatasi inapanda. Bajeti ikibana, nafasi za kupokea malalamiko na kulinda jamii ni rahisi kukatwa, maana hazionekani kwenye picha za mgao. Ningependa zikatwe za mwisho. Zikikatwa hata hivyo, wafadhili waliobaki wanaweza kuandika kwenye mkataba sharti moja lisilogharimu karibu kitu: hakuna malipo ya vibarua bila majina ya waliowachagua.